Kamera ya Kumwonyesha Mama Kilimia

Kwetu Mlali mbegu haiingii ardhini mpaka mama aseme amekiona kilimia, kile kichala cha nyota kinachochomoza mashariki jioni mvua zikikaribia. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Vya karibu aliviona akivileta puani. Vya mbali vilikuwa moshi. Kaka yangu akanipigia simu kwamba safari hii atapanda kwa kufuata redio, mama apumzike. Nikajua akishapumzishwa hilo, amekuwa mgeni wa kulishwa nyumbani kwake mwenyewe. Nikamwomba kaka asubiri hadi Jumapili.

Nilitaka kumletea mama kilimia puani kwa picha, lakini simu yangu nilishaijaribu usiku, ikanitolea weusi mtupu. Basi nikafunga meza yangu ya nafaka pale sokoni Majengo, mjini, mapema, miguu ikiwaka moto, nikaenda kwa kijana mpiga picha za harusi aliyekuwa akiuza kamera zake mbili kuukuu.

Akaanza na ile kubwa, yenye kioo kipana nyuma. Akanisimulia harusi ilizopiga na waheshimiwa waliotokwa machozi mbele yake. Nikamwambia mimi sina ninayemwoza, nataka nyota.

“Nyota inazo, mama.”

Hapo hakudanganya. Mimi gunia silinunui kwa kutazama mdomo wake. Nachoma bambo katikati, nitoe punje za ndani nizione. Kamera nayo nikaitafutia pa kuichoma. Nikamwambia afunike lenzi kwa kifuniko chake, kisha aiache ipige giza kwa nusu dakika. Alinitazama kama nimemwomba apime uzito wa upepo, lakini mteja ni mteja. Picha ikatoka nyeusi, na ndani yake vidoa vyeupe, vyekundu na vya bluu. Nikavihesabu. Akarudia, nikavihesabu tena: vilevile, palepale.

“Mwanangu, hii inajitengenezea nyota zake.”

“Chukulia ni nyongeza, mama.”

Nyongeza ya kumpandisha mama yangu mbegu kwa nyota za dukani. Nikaomba ile ndogo. Ngozi ilikuwa imebanduka na kioo chake cha nyuma hakikuzidi kiberiti, lakini giza lake lilikuwa giza, na lenzi ilikuwa na mdomo mpana wa kumeza mwanga. Tukavutana bei mpaka tukachoka wote. Yeye aliapa hapati faida, mimi nikaapa sina pesa, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Mwisho akaniongezea stendi yenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jumamosi jioni nikaisimika uani Mlali. Nikapiga, nikaikuza picha, nikampa mama. Aliitazama kwa muda, akanirudishia.

“Hiki si kilimia. Kilimia nakijua, nyota zake sita. Hapa mtu kamwaga mtama.”

Kaka akacheka chinichini. Mimi nikakaa kwenye kigoda, mgongo umeniisha. Nilikuwa nimehangaika kutafuta kitu kinachoona kuliko watu, sasa kosa lake ni kuona kuliko watu. Nikamwomba mama asubiri. Nikapunguza sekunde, nikapiga, nikapunguza tena, nikaubana ule mdomo wa lenzi nilioulipia kwa upana wake. Kila picha nyota zikapungua, kama makapi kwenye ungo, mpaka zikabaki sita. Nilizihesabu mara mbili kabla ya kumpa.

Kidole chake kikapita juu ya kioo, polepole. Kisha akauliza kimepanda kiasi gani, jambo ambalo picha haisemi. Nikaushika mkono wake, nikaunyoosha hadi kilipokuwa juu ya zizi la ng’ombe. Akauacha hewani kitambo, akiupima begani.

“Bado kiko chini. Mbegu zikae.”

Kaka, ambaye alishanoa majembe yote, alikohoa kidogo.

“Sawa, mama.”

Ndipo mama akanigeukia mimi niliyesafiri na stendi mapajani tangu mchana. “Jumamosi ijayo uje na hicho kidude tukitazame tena.”