Mbuzi wa Udongo Hawakufika Kisimani

Juzi nilikuwa hotelini Lodwar nikingoja chai. Binti wa mwenye hoteli alikuwa ameshika simu ya mama yake, akitazama katuni ya udongo. Niliinama nione kinachomchekesha. Mbwa alikuwa anaruka ukuta, na shingoni mwake alama za vidole zilikuwa zikichezacheza. Chai ilipofika, sikuwa na hamu nayo tena. Rafiki yangu, alama zile nazijua. Ni za mtu aliyegusa, akaondoa mkono, akapiga picha, akagusa tena.

Nililelewa na nyanya hapa hapa Lodwar, karibu na mto Turkwel. Maji yakipungua tulichimba udongo kingoni, tukafinyanga mbuzi na ngamia wa kuchezea, huku yeye akichunga wale wa kweli. Alikuwa akisema kwamba mtoto asiyejua kufinyanga mbuzi hatamtambua wake akichanganyika na wa jirani. Asubuhi zile zilinuka moshi na maziwa ya kibuyu, na njuga za mbuzi ndizo zilizoniamsha.

Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena. Mbuzi walianza kulala chini wasiinuke. Nyanya alivuta mizoga mwenyewe hadi mbali na boma, hakutaka nimsaidie. Zizi lilipobaki tupu, nilipelekwa Kakuma kwa mama, aliyekuwa akiuza makaa katika kambi ya wakimbizi, nisome huko.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mkimbizi kutoka Kongo, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Siku za Jumamosi alitufundisha kutengeneza filamu za udongo. Alituambia ufundi huo ni mkongwe, umri wake unakaribia ule wa sinema yenyewe. Watu wa zamani waligundua kwamba ukisimamisha kamera, ukasogeza kitu kidogo, kisha ukaendelea, macho yatakiona kitu kile kikitembea chenyewe. Wakaupenda udongo kwa kuwa unakubali kila umbo. Baadaye wengine wakapata udongo wa mafuta, usiokauka, wakatia waya ndani uwe mifupa.

Sisi tulikuwa na udongo wa laga, ule mto mkavu uliopita nyuma ya shule, na joto la Kakuma liliupasua kabla ya saa sita. Tuliukanda kwa mafuta ya kupikia, tukasokota nyaya kuukuu ziwe miguu. Simu ya mwalimu tuliifunga kwenye kopo lililojaa mchanga isitikisike. Dirisha tuliliziba kwa gunia, maana jua likisogea, mwanga hurukaruka kwenye picha. Halafu kazi yenyewe: sogeza mguu, toa mkono, piga. Asubuhi nzima ilituzalia hatua chache tu za mbuzi. Tukiharakisha, mwalimu alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Pole pole, batoto. Udongo haipende mbio."

Niliamua kutengeneza mbuzi wa nyanya wakienda kisimani. Niliwakumbuka wote, mwenye sikio lililokatwa, mweupe aliyechechemea. Msichana kutoka Burundi niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyemfinyanga nyanya. Hakuwahi kumwona. Aliniuliza anavyosimama, anavyoshika fimbo, akamvika shanga za nyuzi nyekundu shingoni. Alipomaliza nilimsimamisha nyuma ya mbuzi wake.

Tukiwa katikati ya kazi, mama akapata habari kwamba nyanya ni mgonjwa na hali chakula. Tulikuwa tumewafikisha mbuzi kwenye kona ya laga tu. Mwalimu aliunganisha picha zilizokuwapo, akaziweka kwenye simu ya mama.

"Peleka vile iko," aliniambia. "Aone hata kidogo."

Huko Lodwar tulimkuta nyanya amelala juu ya ngozi, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok." Akaitikia kwa vidole. Mama akamshikia simu karibu na uso. Mbuzi wakatembea, yeye akawataja kwa majina, taratibu, kama anayewahesabu wakirudi jioni. Ghafla picha ikasimama.

"Mbona hawafiki majini?" akauliza.

"Hatujamaliza, nyanya."

"Basi malizeni. Wana kiu."

Akaomba aone tena. Tulimwonyesha mpaka simu ikaisha chaji. Wiki hiyo hiyo tulimzika.

Nilirudi Kakuma nikitaka kumaliza, lakini udongo hauwezi kazi peke yake. Familia ya yule msichana ilipata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali, wakaondoka asubuhi moja na mabegi ya kambi. Mwalimu alizidiwa na kikohozi, akalazwa, akafa, na simu yake hatukuiona tena. Kisha mvua tuliyoililia ikaja kwa hasira. Laga likafurika, likabeba ukuta wa darasa pamoja na rafu tulikowaweka mbuzi na nyanya wa udongo. Simu ya mama nayo iliharibika siku moja sokoni, na fundi akasema hakuna kinachookoleka.

Hivyo filamu ile haipo tena. Nimewahi kuketi na udongo, nikajaribu upya, lakini mikono yangu imekuwa mizito na yule mwanamke wa shanga nyekundu simpati. Waliobaki walioiona hapa kwetu ni mama na mimi. Mama anazeeka sasa. Kila nikimuuliza kuhusu mbuzi wale, ananitajia wachache kuliko mara iliyopita.