Mti Uliokataa Kufa

Kazi yangu ni kutunza bustani. Huu ni mwaka wa tisa namwagilia nyasi za nyumba moja ya wageni huko Watamu, na kila mwisho wa mwezi hurudi kwetu Ganze, ambako maji ya kunawa uso hupimwa kwa kikombe.

Mama aliishi huko peke yake. Mvua ilipokosekana msimu wa pili, mbele ya nyumba pakabaki uwanja mtupu, na kila mchana upepo ulisukuma vumbi hadi kitandani kwake. Akaniomba nimtafutie mti, wowote ule, mradi ustahimili jua. Nikampelekea mwasmini, ukakauka. Nikampelekea mpapai, nao ukakauka, ingawa aliunywesha maji aliyooshea vyombo. Kila niliporudi alinionyesha kijiti kikavu kwa haya, kama kwamba kosa ni lake.

Nikaanza kuitazama bustani ya kazini kwa jicho jingine. Kando ya ukuta wa barabarani, mahali ambapo mpira wa maji haukufika, palikuwa na vichaka vya majani membamba na maua ya rangi ya waridi. Hakuna aliyevimwagilia, na vilichanua mwaka mzima. Jina lake sikulijua. Sisi wafanyakazi tuliviita miti ya ukutani. Nikakata vijiti sita, nikavifunga kwa gunia bichi na kuvipeleka nyumbani.

Vitano vilishika. Baada ya mwaka na ushei vilikuwa vimenipita kimo, na vumbi likapungua. Mama alihamishia kigoda chake pale. Majirani walikuja kutazama maua, naye aliwaambia ni mwanawe aliyeyaleta. Mbuzi waliyanusa majani wakapita, tukaona hiyo nayo ni heri.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho, ukame ulikuwa umezidi. Mama alikuwa amebakiwa na mbuzi watatu, mmoja ana mimba. Nikavipogoa vile vichaka kama ninavyofanya kazini, na matawi nikayarundika karibu na zizi ili nizibe mwanya wa ua. Sikuuziba siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu majani yalikuwa yamekauka, na mbuzi wakatoka zizini na njaa yao.

Mama aliniita kwa sauti ya chini. Mbuzi mmoja alikuwa amelala ubavu, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Tukasaga mkaa, tukaukoroga kwa maji ya kunywa tuliyokuwa tumebakiza, tukamnywesha. Wa pili akaanguka tukiwa bado tumemshika wa kwanza.

Jirani yetu, mwanamke aliyefunzwa kutibu mifugo ya kijiji, alifika mbio. Alitoa jani kinywani mwa mbuzi, akaugeukia ule mti. Akaeleza kuwa likiwa bichi jani hilo ni chungu, mbuzi hulikataa. Likikauka uchungu hupungua, lakini sumu haitoki.

Mama akanitazama. "Miaka yote hiyo unafanya kazi ya miti," alisema. "Hukuuliza?"

"Sikuuliza, mama."

Adhuhuri haikupita, wote watatu walikuwa wamekufa. Jirani alituonya tusionje hata kipande, wala tusiyachome yale matawi, maana moshi wake nao una madhara. Tukachimba shimo katika ardhi ngumu kama sakafu. Yule mwenye mimba tulimshusha wa mwisho. Mama aliweka mkono juu ya tumbo la mbuzi huyo, akauacha hapo muda mrefu, nami nikasimama kando na jembe. Jioni ile, baada ya kufukia nyama yote ile, tulikunywa uji mwepesi usio na sukari.

Kesho yake niling'oa vichaka vyote na kuvifukia. Mizizi ilikuwa imekwenda mbali. Ilinichukua siku nzima. Mama hakutoka nje. Nilipoingia kumwomba radhi, alisema ameshanisamehe, kisha akageukia ukutani.

Sasa vumbi limerudi. Mwezi uliopita nilimpelekea mche wa shubiri na miche miwili ya mkwaju. Safari hii nilikuwa nimeuliza. Nikamweleza kila mmea unahitaji maji kiasi gani, na mnyama akiula itakuwaje. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niiweke kivulini kwanza, ataamua. Siku tatu zilipita bila yeye kuigusa, nami sikuthubutu kumuuliza. Niliondoka nikiiacha palepale, ukutani, udongo wake umeanza kupasuka.