Gambuti za Saizi ya Sita

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ghala la ndengu pale Kyuso nikiwa na sandali za plastiki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikakaa nyumbani mpaka niliposikia ghala linatafuta wasichana wa kuchambua. Ndengu, yaani choroko, zinamwagwa juu ya meza ndefu, mnasimama pande zote mbili, mnaondoa mawe, maganda na punje zilizotobolewa na wadudu. Meza ilitengenezwa kwa mtu aliyesimama, kwa hivyo hakukuwa na kiti. Sakafu ilikuwa ya saruji, imesuguliwa na magunia miaka mingi hadi ikang'aa.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja, halafu mwingine, kama kuku kwenye matope.

Mwenye ghala tulimwita Haji. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki, na kabla ya ndengu walikuwa wafanyabiashara wa mbuzi. Yeye mwenyewe alisimama kwenye mizani kutwa nzima, kwa hivyo alijua.

"Binti, miguu inakusumbua?"

"Hapana, Haji."

"Nakuona tangu saa sita unabadilisha. Hizo sandali ni za kwenda kuoga. Nunua kiatu cha kazi. Na usinunue asubuhi. Asubuhi mguu ni mdogo, unakudanganya. Nenda jioni ukitoka hapa, na soksi zako za kazi. Halafu usikijaribu kwa mchanga. Kwa mchanga kila kiatu ni kizuri. Tafuta simiti."

Siku ya soko nilienda jioni, miguu ikiwa imefura. Muuza mitumba alikuwa ametandaza turubai juu ya mchanga. Nikachagua buti moja nyeusi, nikaikunja kuona kama inakunjika mahali vidole vinapoanza. Kiatu kinachokunjika katikati ya wayo hakishiki mguu. Nikaminya kisigino kwa kidole gumba, nacho hakikubonyea. Halafu nikamwomba muuzaji niende nacho kwa mlango wa bucha, kulikokuwa na simiti.

"Madam," akasema, "unanunua kiatu ama unanunua ploti ya kujenga?"

Watu walicheka. Mimi ni mtu wa kuona haya, na nilitaka kukirudisha niende. Lakini miguu iliuma kuliko aibu, nikaenda. Nilisimama mlangoni kwa mwenye bucha hadi akaniuliza kama nataka nusu kilo. Buti zile nilizivaa misimu miwili.

Nayaandika haya ili ujue kwamba nilipofika Makueni nilikuwa tayari nimefundishwa. Kosa nililofanya huko sikulifanya kwa kutojua.

Kiwanda kilikuwa cha maembe, upande wa Kasikeu. Maembe yanaoshwa, yanapita kwa mkanda, yaani ule mpira mrefu unaotembea wenyewe, na sisi tunasimama kando na visu vidogo tunakata mahali palipooza kabla hayajasagwa kuwa rojo. Sakafu inamwagiwa maji yenye dawa kila saa. Viatu vya nje haviingii. Kila mtu anapewa gambuti, buti ndefu za mpira, nyeupe, zenye namba yake, anaziosha jioni, anaziacha hapo hapo. Unazichukua mara moja, unazivaa msimu mzima.

Tulikuwa vibarua arobaini, na tulijua kwamba msimu ukiisha sita kati yetu wataandikwa kazi ya kudumu. Mvua ilikuwa imekosa nyumbani mara mbili. Mama alikuwa ameuza mbuzi wa mwisho ili nipate nauli na chumba. Niliitaka nafasi moja kati ya hizo sita kuliko kitu chochote.

Gambuti zilitolewa kwenye dirisha la stoo. Stoo kipa alikuwa mzee mwenye sauti kubwa, anauliza saizi na kuirudia kwa kelele kwa mwenzake aliye ndani. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na msichana mrefu, Kanini, wa kutoka Nunguni.

"Nane," akasema.

"Nane!" stoo kipa akapaza.

"Aiya!" kijana mmoja nyuma akaita. "Huyo apewe karai mbili!"

Foleni yote ikaangua kicheko. Kanini aligeuka. "Karai ni za kuogea. Wewe hata uso hujanawa." Wakacheka zaidi, sasa wakimcheka yule kijana.

Zamu yangu ikafika. Mimi pia navaa nane. Stoo kipa aliniangalia, na nikasikia watu wametulia nyuma yangu wakingoja.

"Sita," nikasema.

Gambuti haifunguki kama kiatu cha ngozi. Mpira haupanuki ukizoea. Wiki ya kwanza vidole vilikaa vimekunjwa. Nikavua soksi ili nipate nafasi, mpira ukanichubua kisigino. Nikavaa tena soksi. Wiki ya tatu kucha ya kidole gumba cha kushoto iligeuka rangi. Saa za chai wenzangu walitembea hadi nje. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta, nikisema sina njaa.

Kanini, ambaye sasa nilikata maembe pamoja naye, alijua.

"Nenda umwambie stoo kipa."

"Ameshaandika."

"Si afute? Ndinda, ni mguu, si kura ya siri."

"Watasema nilikuwa najifanya mdogo."

"Basi waseme! Mimi wananiita Karai mpaka leo, na miguu yangu imestarehe."

Kila asubuhi nilijiambia nitasema leo. Nilifika karibu na dirisha, nikakuta watu, nikapita. Wiki saba zilienda hivyo.

Aliyesimamia mkanda tulimwita Madam Supavaiza. Hakuwa mtu wa maneno. Siku chache kabla majina hayajasomwa, alianza kututuma kila mmoja na kreti ya maembe kutoka kwa mkanda hadi chumba cha baridi. Alitaka kuona nani anakanyaga sawa kwa sakafu yenye maji. Nilibeba kreti yangu. Hatua tano za kwanza nilizivumilia. Ya sita nikachechemea, nikajaribu kuficha, nikachechemea zaidi.

"Weka chini," Madam akasema. "Njoo hapa. Vua."

Gambuti ilikataa kutoka. Kanini alikuja akaivuta huku nimeshika ukuta. Soksi ilikuwa imeshikana na damu, na kucha ilikuwa nyeusi.

"Unavaa ngapi?"

"Nane, Madam."

"Na hii ni ngapi?"

"Sita."

"Nani alikupa sita?"

"Ni mimi niliomba."

"Kwa nini?"

Kanini ndiye aliyejibu. "Aliogopa kuchekwa, Madam."

Nilidhani atagomba. Badala yake alivuta kreti tupu akakaa, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona ameketi ndani ya kiwanda.

"Sikia. Mguu utapona. Mguu si shida yangu. Hicho kisu unachoshika, ncha ikikatika ikaanguka kwa mkanda, inaenda kusagwa na maembe. Mtu wa kwanza kujua ni yule amekishika. Mimi nitajua aje asiponiambia?"

"Ningesema, Madam."

"Ungesema?" Aliangalia mguu wangu. "Huu ni wako mwenyewe, na umenyamaza wiki saba."

Stoo kipa alinipa nane siku hiyo hiyo. Nilisimama ndani yake siku tatu zilizobaki, na nilihisi kama nimesimama kwenye nyasi. Majina yaliposomwa, la Kanini lilikuwa la pili. Langu halikusomwa.

Nyumbani Mama aliuweka mguu wangu kwenye maji ya chumvi kila jioni bila kuniuliza mengi. Kucha ilianguka, ikaota nyingine iliyopinda. Nilirudi kwa Haji kuchambua ndengu. Maembe yalipoiva tena, nikarudi Makueni, nikapanga foleni pale dirishani. Kulikuwa na vijana nyuma yangu, wageni, wenye mdomo.

"Saizi?"

"Nane!"

Niliita kwa sauti hata stoo kipa akashtuka. Mtu alicheka. Masikio yangu yaliwaka moto, lakini nilichukua gambuti zangu. Mwisho wa msimu huo jina langu lilisomwa.

Nilisimama kwenye mkanda ule miaka saba. Wewe unayeanza leo, nitakueleza nilivyofanya. Nilivaa soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nzito, zisizo na mshono mkubwa kidoleni. Nilikata kipande cha blanketi kuukuu kwa umbo la wayo, nikakiweka ndani, nikakitoa kila jioni kikauke, kwa sababu kitambaa kibichi kinachubua kuliko mpira mtupu. Nilimwomba Madam kreti ndogo ya kuinulia mguu mmoja kwa zamu, naye akaturuhusu sote wa mkanda ule. Buti nzito usiziamini kwa sababu tu zinaonekana za nguvu. Ule uzito utaubeba wewe, kila hatua, hadi jioni.

Yote hayo yanasaidia. Hayatoshi. Sakafu ni ile ile, na mguu ni nyama na mfupa. Mwaka wa saba kisigino kilianza kuniuma asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza zikawa kama nakanyaga msumari. Muuguzi wa zahanati alibonyeza chini ya wayo nikaruka. Alisema mshipa wa hapo umechoka kwa kusimama, na dawa yake ni kuacha kusimama. Nilimweleza Madam siku hiyo hiyo. Hakuwa na kazi ya kukaa ya kunipa. Kwa kiwanda kile anayekaa ni mlinzi na mhasibu tu.

Siku ya mwisho niliosha gambuti zangu ndani na nje, nikazikabidhi dirishani. Stoo kipa alizigeuza, akaona soli ya kushoto imeisha upande mmoja, akazitupa kwenye pipa. Kanini alinisindikiza hadi getini, halafu akarudi mbio kwa sababu mkanda ulikuwa umewashwa.

Kutoka getini hadi barabara ya lami si mbali. Wasichana wa zamu ya mchana walikuwa wanakuja, wanacheka, na walipofika karibu nami walinyamaza wakasogea kando, wakanipisha kwa heshima, kama mtu anavyompisha mama mzee. Mmoja aliniamkia, "Shikamoo."

Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Nikaitikia, "Marahaba," nikaendelea kutembea polepole.