Sauti ya Mama Watoto

Simu yangu ilikuwa imeanza kuzimika ovyo, na humo ndimo ulimobaki ujumbe wa sauti wa marehemu mke wangu, akiniagiza maziwa. Mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Donholm kuuhamishia kwenye simu mpya.

"Guka, tulia. Nitausevu."

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kwamba kanisani neno hilo la Kiingereza tulifundishwa ni kuokoa, na kiwandani, Industrial Area, lilikuwa kuweka akiba.

Akacheka. "Guka, hapa ni kuhifadhi tu. Usinihubirie nikikosea!"

Simu ya zamani ikazimika mkononi mwake. Akabonyeza ile mpya. Nayo ikasema, "Usisahau maziwa, na usichelewe."

Nikamshukuru Mungu, nikamwomba mtoto arudie.