Mazoezi na Kuzoea

Binti yangu wa miaka kumi na mitano aliacha mpira baridi ilipoanza, akawa akirudi kutoka shule analala tu. Mimi, msomi mwenye kitambi, nilikuwa nimesoma kwamba kijana akitoka jasho moyo huchangamka. Basi kila jioni nikamburuta tutembee hadi stesheni ya treni ya Rooty Hill, huku ugenini tunakoishi. Nilihema mimi, yeye hakuchangamka.

Jioni moja nikamwambia, "Mazoezi yatakusaidia, mwanangu."

Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili, "Baba, mazoezi ni kuzoea?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamweleza mzizi wa neno kana kwamba niko ukumbini mbele ya wanafunzi: ndiyo, ukirudiarudia jambo, mwili hulizoea.

"Kwa hiyo sitapona. Nitazoea tu."

Mhadhara uliniishia hapo. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza kabla hata ya kumnunulia raba za mazoezi: ni kitu gani hataki kukizoea.

"Kuamka," akasema.

Nilimshika mkono, naye hakuuvuta. Kesho yake hatukutembea. Tulikaa kwa daktari, bega kwa bega, tukingoja kuitwa.