Paskalia Avuka Barabara ya Hanoi
Paskalia Chilongani, mkulima wa zabibu wa Nzuguni, alikwenda Hanoi na wakulima wenzake kwa mafunzo ya wiki moja. Asubuhi ya mwisho, basi la kwenda uwanja wa ndege lilimsubiri ng'ambo ya barabara iliyojaa pikipiki. Mkalimani wao, Edward, alikuwa amemwonya: “Mama, tembea polepole, usisimame. Pikipiki zitakukwepa zenyewe.”

Alikwenda vizuri hadi katikati. Hapo akakutana na bibi kizee, akasimama, akapiga goti kidogo: “Shikamoo, bibi.” Honi zikalia. Bibi akamshika mkono kwa huruma, akamvusha hadi upande aliotoka Paskalia, akampigapiga begani, akaenda zake.

Edward akampigia simu kutoka ng'ambo. “Mama, dereva ameshawasha injini! Mbona umerudi?”

“Hata sielewi, baba,” alisema Paskalia. “Nimemsalimia tu.”