Bwawa Lilipopasuka

Juzi runinga ilionyesha tena ile filamu ya vita, ndege zikilipua bwawa, nikasikia harufu ya udi wa sebuleni kwa ami, kule mjini Ibra, tulikoitazama utotoni. Kwenye runinga ukuta wa bwawa ulipasuka, maji yakazoa nyumba, watu wakipiga mayowe. Ami na wageni wake walishangilia. Mdogo wangu Salim akalia, "Wadi inashuka!" akidhani ni lile bonde letu kavu linafurika. Nikambeba mgongoni, nikakimbilia juu ya paa, kama tulivyofundishwa.

"Teremkeni, wallahi picha tu hiyo!" ami alicheka kutoka uani.

Hatukuteremka. Mwaka uliotangulia wadi ilifurika, ikawachukua baba na mama na gari lao. Leo najua ilikuwa mvua ya milimani. Salim alitazama mbinguni, akauliza, "Dada, ndege gani ilimpiga mama?"

Mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia nitaitafuta, nikaitafuta mpaka adhana ya magharibi.